SOMO LA WIKI: Kompyuta ikilala isiamke, msake mwenye kosa

Mwenye duka la jumla Kitendaguro, au anayepeleka ndizi Mwanza kwa meli, siku hizi huweka madeni yake kwenye kompyuta ya mkononi. Akienda kupokea mzigo hufunika kifuniko. Akirudi hufunua na kuendelea alipoishia. Asubuhi moja anafunua, feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Anabonyeza kitufe mpaka izimike. Mauzo ambayo hayakuhifadhiwa yamekwenda, na wadaiwa hawatamkumbusha.

Kompyuta iliyolala huacha kazi kwenye kumbukumbu ya muda, inayohitaji umeme kidogo wakati wote. Inapoamka, mfumo endeshi lazima uamshe kioo, diski na mtandao kwa zamu. Kimoja kikigoma, vyote huweza kusimama.

Kabla ya kumlipa fundi, uliza: ilianza lini? Microsoft hutoa masasisho makuu ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu. Kompyuta inayojisasisha yenyewe huweza kuyapakua usiku huohuo. Kosa lililoanza Jumatano au Alhamisi ya wiki hiyo lina mshukiwa wa kwanza. Fungua orodha ya masasisho kwenye "Update history", ulinganishe tarehe na siku tatizo lilipoonekana.

Usiondoe yote kwa mkupuo, maana hutajua lipi lilikuwa na kosa. Anza na draiva ya kioo ikiwa nayo ilibadilishwa. Irudishe toleo la nyuma, kisha laza na uamshe kompyuta mara kumi, kwa betri na kwa umeme wa ukutani. Mara moja haitoshi, kwani kosa la namna hii huja na kupotea. Ikiendelea kugoma, ndipo uondoe sasisho la mwezi na ujaribu tena. Mwenye Ubuntu ana njia nyepesi: wakati wa kuwasha huchagua kiini cha zamani kwenye menyu. Kikiamka vizuri mara zote, cha sasa ndicho mshukiwa.

Kwamba sasisho huharibu si uvumi. Tarehe 13 Januari 2026 lilitoka sasisho la Windows 11 toleo la 23H2. Baadhi ya kompyuta zilizowashwa kinga ya Secure Launch zikawa zikiamriwa kuzima au kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, zinajiwasha upya. Marekebisho ya dharura yalitoka tarehe 17 mwezi huohuo. Kwa mwenye duka, siku nne hizo ndizo hoja ya kutokuwa wa kwanza kupokea. Windows 11 inaruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5. Wiki moja inatosha kwa wengi. Kukaa miezi bila kinga ili kompyuta ilale vizuri ni biashara mbaya, hasa kwenye mashine inayofungua akaunti ya benki.

Wenye Windows 10 wana hesabu nyingine. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambayo haikusajiliwa kwa nyongeza haipokei tena masasisho ya usalama ya kila mwezi, kwa hiyo ikianza kugoma leo, shuku kwanza betri, draiva au vumbi.

Wakati wa upelelezi, hifadhi kazi kabla ya kufunika kifuniko, na uweke kifuniko kisilaze kompyuta bali kiiache ikiwaka, au uizime kabisa. Na mwenye kompyuta zaidi ya moja dukani aache ile isiyo na daftari la madeni ipokee sasisho kwanza. Ile ya hesabu ifuate wiki inayofuata.