Mkonge Ulionyang'anywa Jina

Nyuma ya bweni letu hapa Nkome, kando ya mawe, pana fungu la mmea ambao wengi wetu huupita bila kuutazama. Majani yake ni manene na magumu, yamesimama kama mikuki mifupi. Ndani yake mna maji, ndiyo maana haunyauki hata kiangazi kikiwa kikali. Shina lake hutambaa chini ya udongo na kuchipua kando, basi mmea mmoja huwa fungu zima.

Muhula uliopita, tulipofyeka uwanja, niliutia jembe nikasema, "Huu ni mkonge pori tu, si wa kweli." Babu yangu, aliyekuja siku hiyo kunijulia hali, akanishika mkono. Alikata jani moja, akaliponda kwa jiwe, akalipara hata zikabaki nyuzi nyeupe, akazisokota pajani. Kamba ile ningali nafungia sanduku langu. Akaniuliza, "Haya, mjukuu wangu, wa kweli ni upi?" Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta.

Kumbe zamani watu wa pwani waliposema mkonge walitaja mmea wa jamii hii hii. Ule mkubwa wa mashamba ya Tanga ni mgeni, na asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wazungu huuita kwa jina la Sisal, bandari ya Yucatán ambako nyuzi zake zilipakiwa. Hapa kwetu, kwa kuwa nyuzi zinafanana, mgeni alipewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki kuitwa pori.

Huko Ulaya nako jina halikutulia. Mwaka 1787 Vincenzo Petagna wa Napoli aliuita Sanseverinia, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa ukoo wa Sanseverino. Mwaka 1794 Thunberg wa Uswidi akaandika Sansevieria, na siku hizi wataalamu wameuingiza katika Dracaena. Wamasai huuita oldupai. Ndilo jina la korongo lile la Ngorongoro ambako Mary Leakey aliliona fuvu la kale mwaka 1959. Wageni walilisikia vibaya wakaandika Olduvai.

Nimechomeka kibao penye fungu letu, nimeandika MKONGE. Walio zamu ya kufyeka muhula huu tafadhali wapite kando.