JOGOO ALIYESHITAKIWA

Siku hizi vijiji vingi vilivyo karibu na miji vinapata wageni. Mtu anatoka mjini, ananunua kiwanja kando ya shamba, anajenga. Alfajiri jogoo anawika. Mchana upepo unaleta harufu ya samadi. Mgeni ananung'unika. Je, nani ana haki? Tusome kisa cha kweli kutoka Ufaransa.

Kisa chenyewe

Katika kisiwa cha Oléron mama mmoja alifuga jogoo aitwaye Maurice. Majirani zake, mume na mke waliostaafu, walikuwa na nyumba ya mapumziko hapo. Wakasema eti jogoo anawanyima usingizi. Wakaenda mahakamani! Sisi tumezoea kusema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu walitaka akatazwe kuwika hata shambani.

Tarehe 5 Septemba 2019 hukumu ilitolewa. Mahakama iliona kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kero yao. Wakashindwa, wakaamriwa kumlipa yule mama Euro 1,000. Maurice aliendelea kuwika mpaka alipokufa mwaka 2020.

Sheria mbili

Jamani, haikuwa kesi ya jogoo tu. Kule watu wamelalamikia hata kengele za ng'ombe, bata na vyura. Wakulima waliogopa. Leo ni jogoo, kesho je, si itakuwa trekta?

Basi, tarehe 29 Januari 2021 ikatoka sheria. Inasema kwamba sauti na harufu za mashambani ni sehemu ya urithi wa taifa. Tarehe 15 Aprili 2024 ikatoka nyingine. Hiyo inamlinda mkulima aliyetangulia, asidaiwe fidia na jirani aliyekuja nyuma. Lakini ina masharti. Kazi ya mkulima lazima ifuate sheria, na isibadilike ikawa kero kubwa kuliko zamani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mgeni aulize kabla ya kununua. Aje alfajiri, asikilize. Aje wakati wa samadi, anuse. Akiridhika, ndipo atoe fedha.

Pili, kutangulia siyo ruhusa ya kufanya lolote. Harufu ya samadi inavumilika, maana samadi ndiyo chakula cha mimea. Lakini tukipulizia dawa wakati wa upepo, sumu ikaangukia kisima cha jirani, hapo tumekosa, hata kama shamba ni la babu. Tumwambie jirani mapema siku ya kupulizia. Afunike maji, aondoe watoto.

Tatu, tuzungumze kabla ya kushitakiana. Hapa Tanzania, ugomvi wa ardhi ya kijiji, kama vile wa mpaka, unaweza kupelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kusuluhisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni atanunua maziwa na mboga zetu. Tusimfukuze. Lakini naye asitufukuzie jogoo.

Maneno ya kukumbuka

Fidia: malipo ya kufuta hasara.
Kusuluhisha: kupatanisha wanaogombana.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini walalamikaji walishindwa?
2. Sheria ya 2024 inamtaka mkulima afanye nini?
3. Kijijini kwetu wageni wanalalamikia nini? Sisi je, tunawalalamikia nini?