Debe la Maharagwe Mwezi wa Pili

Maandiko ya kusoma: Zaburi 126:5-6, Yakobo 5:7-8

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome hayo maandiko mawili. Soma polepole, halafu ujiulize: huyu mtu wa Zaburi, anayebeba mbegu huku machozi yanamtoka, analilia nini?

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo. Wengi husema ni machozi ya maombi, na mimi sipingi. Zaburi yenyewe inaanza na watu waliorudishwa kutoka utumwani. Lakini mimi ni mzee wa bustani, nina miaka 71, na ukiniuliza mkulima analilia nini wakati wa kupanda, nitakujibu bila kufikiria sana. Anachofukia mchangani ni chakula, na watoto nyumbani hawajashiba.

Wewe uliyezaliwa hapa Eldoret unaujua mwezi wa pili. Tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo usiku ni baridi na mchana jua linachoma. Vumbi kila mahali. Mahindi tulivuna mwaka jana mwishoni, Januari shule zikafunguliwa, na magunia yakatoka stoo moja moja kwenda kulipa karo. Mvua ndefu tunaitarajia mwisho wa Machi ama Aprili. Hapo katikati ndipo mkulima anapimwa.

Siku yangu ni hivi. Naamka saa kumi na moja, naomba, halafu natoka na mtungi kabla jua halijapanda. Maji ya kusuuzia nguo na vyombo yote yanaenda kwa sukuma wiki. Nimefunika chini ya mashina kwa mabua makavu ya mahindi ili unyevu usipotee. Samadi naigeuza. Managu na saga niliziacha zikomae zitoe mbegu, sasa nazikausha kwa gazeti. Ikifika saa nne nakimbilia kivulini (kukimbia ni neno tu, magoti hayakubali tena) kuchambua maharagwe.

Hapo kwa maharagwe ndipo somo letu lilipo. Mbegu ya mahindi hainijaribu. H614 ya Kenya Seed tunainunua kila msimu, nayo imepakwa dawa, hakuna mtu ataiweka kwa sufuria. Lakini maharagwe ya kupanda ndiyo hayo hayo ya kula. Robo eka yangu inataka kama gorogoro nne. Nimeyachanganya na majivu ndani ya debe, fukusi wasiingie, nikafunika na kufunga.

Mwaka huu tunaishi na wajukuu watatu. Katikati ya Februari maharagwe ya kula yakaisha. Mama akasimama mlango wa stoo na sufuria mkononi, akaniuliza, "Mzee, hilo debe ni la mvua ama ni la watoto?"

Nilinyamaza kwa muda. Swali lilikuwa la haki, na mwenye kuuliza ndiye anayesikia watoto wakisema wana njaa. Gorogoro moja ikichemshwa na mahindi ni githeri ya siku mbili, tatu. Ikipandwa, na mvua ikubali, baada ya miezi mitatu inarudi mara nyingi. Mvua ikikataa, hairudi hata punje. Hakuna mtu anayeweza kukuandikia hakikisho hapo.

Nikamwambia, "Mama, tuchume sukuma." Tulikula ugali na sukuma wiki hiyo yote, na wiki iliyofuata. Yule mdogo alilia kwa sababu alitaka githeri. Debe likabaki limefungwa. Tangu hapo nikisoma Zaburi 126 namsikia huyo mtoto.

Sasa ona Yakobo. Anatuonyesha mkulima anayevumilia mpaka ardhi ipate mvua ya mwanzo na ya mwisho. Kwa Waisraeli mvua ya mwanzo ilikuja kama Oktoba na Novemba, ikalainisha udongo walime na kupanda. Ya mwisho ilikuja Machi na Aprili, ikajaza masuke. Sisi huku kalenda yetu ni tofauti, lakini kungoja ni kule kule. Na mkulima anayengoja hakai na mikono mapajani. Ile sukuma iliyotulisha Februari ilinyweshwa kwa mtungi Januari yote. Sisi Wapentekoste tunapenda sana mvua, tunaiimba na kuitabiri. Mwezi wa pili hatuupendi.

Kuna pia mvua ya udanganyifu. Inanyesha siku mbili mwanzo wa Machi, watu wanatupa mbegu, jua linarudi, miche inakauka. Najua mtu atanitajia Mhubiri 11:4, kwamba anayeangalia upepo hapandi. Ninavyosoma mimi, pale anaonywa mtu anayetafuta sababu ya kutopanda. Mimi nachimba kwa mkono. Unyevu ukifika kwenye kifundo cha mkono, napanda. Usipofika, narudi kuchambua.

Lakini kuna wenzetu kanisani ambao debe lao ni tupu sasa hivi. Mmoja aliuza mbegu kulipa hospitali. Mwingine alipika, kwa sababu hakuwa na sukuma wala maji ya kuinywesha. Watu hao usiwahubirie subira. Mama aliyepika mbegu ili mtoto asilale njaa hakupungukiwa na imani, na ningekuwa sina sukuma tungepika pia. Soma Kumbukumbu la Torati 15:7-8, uone Bwana anasema nini juu ya mkono uliofungwa mbele ya ndugu aliyepungukiwa. Pale ametaja kukopesha, na kwa kiasi kinachotosha hitaji lake.

Kwa hivyo seli yetu imekubaliana hivi. Jumapili ijayo, mwenye maharagwe ya kupanda alete gorogoro moja, ama nusu. Rosecoco ni nzuri, na aina nyingine pia tutapokea. Tutawapa wasio nayo kimya kimya, bila kutaja jina la mtu madhabahuni, na watarudisha wakivuna. Tafadhali chambua kwanza nyumbani. Yaliyotobolewa na fukusi usilete.