Kipaimara si Mlango wa Kutokea

Katika somo hili twataka kuuliza swali moja juu ya vijana wa sharika zetu: mtoto akiisha kupokea kipaimara, ni nani amshikaye mkono?

Twajua yanavyokuwa. Watoto wafundishwa muda mrefu, wahifadhi Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, kisha wasimama mbele ya usharika wamevaa mavazi meupe. Nyumbani mbuzi achinjwa, na jamaa waja kutoka mbali. Jumapili ile kanisa halitoshi watu. Miezi michache ikipita, watafute wale vijana katika ibada: wengi hawapo. Nao wazee hunung'unika kwamba vijana wa siku hizi wamepotea. Neno hilo ni jepesi mno. Kondoo akipotea, wa kuulizwa kwanza ni mchunga.

Tuanze na Martin Luther. Alipozikagua sharika za Saksonia katika mwaka 1528, alisikitika kuona watu waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana. Ndipo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Sehemu zake za kwanza zilichapwa katika karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, ili watu wa nyumbani wazione kila siku. Tena juu ya sehemu zake kuu aliandika kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Angalieni, hakumtaja mwalimu wa shule. Sisi tumekigeuza kitabu cha nyumbani kuwa kitabu cha darasa; na darasa likiisha, kitabu nacho chafungwa.

Hapa kwetu Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, jambo hili lilifikiriwa zamani. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi hata aliporudi Ujerumani mwaka 1938, aliona kwamba Mchaga hakukua peke yake. Alikuwa na ukoo wake, majirani zake, na rika lake. Basi vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vilivyoitwa ngao, kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe, na kifungo hicho kisiishe siku ya sikukuu. Wako waliomlaumu Gutmann kwamba aliyapenda mno mambo ya kale, akaiogopa miji na elimu mpya. Nasi twadhani lawama hiyo ina kweli ndani yake. Lakini juu ya ngao aliona vema. Kijana mwenye mwenzi aliyeahidiana naye mbele ya Mungu hapotei bila mtu kujua.

Je, twaweza kufanya hivyo leo, wakati watoto wetu wako shule za bweni, na wakubwa wao wako Arusha na Dar es Salaam wakitafuta kazi? Twaamini twaweza, wala hakuhitajiwi fedha. Mwinjilisti wa mtaa awaunganishe wanafunzi wawili wawili tangu mwezi wa kwanza wa mafundisho, wala asingoje mwisho. Kila wawili wapewe mzee mmoja wa jumuiya, mume au mke, ajuaye kusikiliza. (Asiwe yule apendaye kuhutubu, hao tunao wa kutosha.) Mzee huyo awaite kwake mara kwa mara, wale naye, wamwulize maswali yao. Bwana Yesu mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na miwili, alionekana hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza. Mahali pengine kijana akiuliza huambiwa ana kiburi, naye hujifunza kunyamaza. Na anyamazaye ndani hutoka nje.

Kisha wapewe kazi. Wawili hao wawafundishe watoto wadogo wa shule ya Jumapili, au wampelekee kuni na maji bibi kizee asiye na mtu. Kijana asiye na kazi kanisani ni mgeni hapo, hata akiwa amezaliwa kando ya kengele. Paulo alipomkumbuka Timotheo aliitaja imani ya Loisi, bibi yake, na ya Eunike, mama yake. Lakini tena alimchukua safarini, akamtuma, akamtegemea, angali kijana.

Tena liko jambo la wale wahamao. Kijana akienda mjini, mchungaji wake amwandikie mchungaji wa huko, amtaje jina, amweleze atakapokaa, na yule mwenziwe wa ngao apewe habari. Barua moja, au simu moja, yatosha. Tumewaona vijana waliokaa mjini miaka miwili bila mtu wa kanisa kuwabishia hodi, na mtu wa kwanza kuwabishia akawa mwenye kilabu cha pombe. Majina ya waliohama mwaka huu yaandikwe kabla ya Majilio, nao wazee wa kila mtaa wagawane kuwatafuta.