Sukuma wiki ndani ya kinu cha nyuklia

Maswali ya wasomaji kuhusu vipimo vya elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno katika damu, nywele, udongo na chakula.

Nikisoma kwamba kitu kina arseniki "sehemu moja kwa bilioni", nielewe nini?

Chukua magunia kumi ya unga, kila moja kilo 100. Tia humo miligramu moja tu ya arseniki, uchanganye vizuri. Hiyo ndiyo sehemu moja kwa bilioni. Mizani hapo haifui dafu.

Sasa nyuklia inaingiaje?

Sampuli, tuseme nywele, hufungwa kwenye kichupa na kuingizwa ndani ya kinu cha utafiti, ambamo nyutroni huimiminikia. Kiini cha arseniki ya kawaida, chenye namba ya masi 75, kikimeza nyutroni moja huwa 76, na hapo hakitulii: hutoa mionzi ya gama yenye nishati ya keV 559, na wingi wake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 26 hivi. Kila elementi ina gama zake, nasi huzihesabu. Njia hii waliianzisha George de Hevesy na Hilde Levi mjini Copenhagen mwaka 1936.

Basi haiwezi kukosea?

Inaweza sana. Bromini, ambayo nywele huwa nayo, hutoa gama ya keV 554, jirani kabisa na ya arseniki. Ukisema usubiri ififie, utaumia: bromini hudumu kuliko arseniki, saa 35 kwa 26. Dawa ni kigunduzi cha jermaniamu kinachotenganisha majirani hao, pamoja na kuikagua bromini kwenye gama yake nyingine ya keV 776.

Lakini kosa linaloniogopesha hutokea kabla ya kinu. Kwa miaka mingi watafiti walitangaza viwango vya kromiamu katika seramu ya damu vilivyozidi ukweli mara kumi, hata mara mia. Kromiamu hiyo haikuwa ya mgonjwa. Sehemu kubwa ilitoka kwenye sindano za chuma kisichoshika kutu, vumbi na vyombo. Miaka ya 1970 Jacques Versieck na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, waliichukua damu kwa uangalifu wa hali ya juu, wakapata kama mikrogramu 0.16 tu kwa lita. Fikiria makala zote zilizokuwa zimeandikwa juu ya sindano!

Hapa ndipo nyutroni zinapopendeza. Uchafu unaoingia baada ya sampuli kutoka kinuni hauna mionzi, kwa hiyo hauhesabiwi. Unaoingia kabla hauna msamaha.

Mnajuaje namba yenu ni sahihi?

Kwa kupima kitu ambacho jibu lake linajulikana. Mwaka 1960 Mwingereza Humphry Bowen alilima sukuma wiki, naam, hii hii ya ugali, akaikausha, akaisaga ikawa unga mmoja, kisha akawagawia bure watafiti wa nchi nyingi. Wote walipima mboga ileile, na tofauti za majibu zikawaumbua wengi. Leo majani ya nyanya na ya pichi yaliyothibitishwa huuzwa kwa kazi hiyo, nayo huingia kinuni bega kwa bega na sampuli yako.

Na Afrika Mashariki?

Kenya na Tanzania hazina kinu cha utafiti. Kinshasa ilipata chake, TRICO, mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Kwetu hutumika zaidi mashine za eksirei, ambazo kwa udongo na mawe zinatosha. Kwa damu, hapana.

Ukikabidhiwa cheti cha maabara, uliza mambo mawili kabla ya kuondoka: namba hii ni kuongeza au kutoa ngapi, na siku ile mlipima sampuli gani ya kulinganishia? Mimi cheti kisichojibu hayo hukirudisha.