UTAFITI WA AFYA PAMOJA NA WANAKIJIJI: TUOMBEJE RUZUKU YA SERIKALI?



Katika vijiji vyetu si ajabu kuona gari likifika na watu wenye vichupa. Hukusanya mkojo, choo au damu ya watoto, huandika majina, kisha huaga. Baadaye akina mama hutuuliza hospitalini: "Nesi, wale waliowapima watoto wetu waliona nini?" Mara nyingi hatuna la kujibu, kwa sababu nasi hatukuletewa majibu. Mwezi huu tujifunze njia nyingine: utafiti ambao wanakijiji wanashiriki tangu swali la kwanza hadi jibu la mwisho, na jinsi ya kuomba fedha za Serikali kwa kazi hiyo.

Utafiti shirikishi ni nini?

Ni utafiti ambao wenyeji na wataalamu wanachagua swali pamoja, wanakusanya habari pamoja, wanazitafakari pamoja na kuamua pamoja la kufanya. Utaalamu hauwekwi kando. Mwenye darubini huona yai la mdudu. Mama anayeteka maji anajua nani huingia mtoni, saa ngapi, na kwa nini. Kila mmoja ana nusu ya jibu.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuikuza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo.

Kisha, kuanzia mwaka 1983, ulikuja mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa. Uliendeshwa na Serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, ukianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi michache, na matokeo yakajadiliwa kijijini. Watu walijiuliza: kwa nini watoto wamekonda ilhali mahindi yapo? Walitambua kwamba mtoto hula mara chache mno kwa siku, kwa kuwa mama yuko shambani tangu alfajiri. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kuwalisha watoto mchana. Mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia mwaka 1988 walikuwa kama 38 kwa kila 100. Mzani uliletwa na wataalamu, lakini sababu zilijadiliwa na wenyeji.

Mfano: kichocho

Tuseme kijiji kina watoto wengi wanaokojoa damu. Shuleni wanapewa dawa ya prazikwanteli, wanapona, lakini mwaka unaofuata wamerudi na kichocho. Je, dawa ni mbovu? Hapana. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini; haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yenye konokono wenye vijidudu vya kichocho.

Swali la kijiji basi ni hili: watoto wetu wanaambukizwa wapi, wakifanya nini? Wanakijiji wanaweza kuchora ramani ya mito, madimbwi na majaruba, na kuhesabu kwa wiki mbili wanaofua, wanaovua samaki, wanaolima mpunga na wanaoogelea. Mtaalamu hupima mkojo na kuchunguza konokono. Habari zote zikiwekwa mezani, huenda ikaonekana kwamba bomba moja karibu na mahali pa kufulia na vyoo viwili vya shule vitasaidia kuliko mahubiri mengi.

Fedha za Serikali zinapitia wapi?

Kwanza, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa kugharamia utafiti. Hutangaza mwito wa maombi, ikitaja mada, masharti na siku ya mwisho. Kwa kawaida mwombaji ni taasisi yenye mtafiti aliyesomea kazi hiyo. Kijiji hakina budi kutafuta mshirika: chuo kikuu, hospitali, au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa mwaka 1979.

Pili, kuna mpango wa afya wa halmashauri. Hautoi ruzuku kubwa ya utafiti, lakini uchunguzi mdogo unaweza kuingizwa humo kupitia kamati ya zahanati na mganga mkuu wa wilaya. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango hupangwa miezi mingi kabla. Hoja ikiletwa Mei, imechelewa.

Hatua za kufuata

1. Itisheni mkutano wa kijiji. Chagueni swali moja tu, na muandike muhtasari wenye sahihi. Muhtasari huo ni ushahidi kwamba swali ni lenu.

2. Chagueni kamati ndogo yenye wanawake, vijana, na mtu wa kitongoji kilicho mbali. Wenye maneno mengi wasijae peke yao.

3. Mtafuteni mshirika kabla ya mwito kutangazwa. Anayekuja siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho anatafuta sahihi zenu tu.

4. Andikeni mapatano: nani anatunza fedha, nani anaajiriwa kukusanya habari, na matokeo yatasomwa kijijini lini, kwa Kiswahili.

5. Someni bajeti mstari kwa mstari. Iwemo posho ya wanakijiji wanaofanya kazi, nauli, matibabu ya watakaokutwa wagonjwa, na gharama ya mkutano wa kurudisha majibu. Kisichoandikwa kwenye bajeti hakitalipwa.

6. Ombeni kibali cha maadili. Utafiti wa afya ya binadamu lazima upitiwe na kamati ya maadili. NIMR ndiyo inayosimamia kibali cha kitaifa. Fedha zikipatikana bila kibali, kazi haiwezi kuanza.

Tahadhari

Kukubali kwa mwenyekiti wa kijiji si kukubali kwa kila mtu. Kila mtu mzima aombwe ridhaa yake, na mzazi aombwe kwa ajili ya mtoto. Anayekataa asinyimwe matibabu. Pia jirani anayekusanya habari huwajua wote. Aape kutunza siri. Kichocho cha binti kikitangazwa kisimani, mama yake hatamleta tena kupimwa, na wengine watamfuata.

Ombi likikataliwa, msikate tamaa. Ombeni maoni ya wapimaji, rekebisheni, ombeni tena. Wakati huo huo ramani mliyochora ni mali yenu. Ipelekeni halmashauri mkidai bomba. Mtoto anayekojoa damu leo asingoje mwito wa mwaka ujao: mpelekeni zahanati.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika jumuiya

1. Ni ugonjwa gani unaorudi kila mwaka hapa kwetu, na tunajua nini ambacho daktari hajui?
2. Je, kuna utafiti uliowahi kufanyika hapa? Majibu yake yako wapi, na nani atakwenda kuyadai?
3. Katika kamati yetu, ni nani ambaye hatujawahi kumsikia akisema?