Kata maotea kabla mkorosho haujachanua

Wenye mikorosho wengi huukumbuka ubwiriunga maua yakishatoka. Kwangu mimi, kazi kubwa ni ya kabla ya hapo, na sababu yake ni namna ukungu wenyewe unavyozaana.

Ukungu wa jamii hii, ule wa mizabibu kwa mfano, una pande mbili za kujamiiana. Kila mmoja hubeba vinasaba vya upande mmoja tu, na ukikutana na wa upande wa pili hutengeneza vijifuko vyeusi vyenye ganda gumu, vinavyoweza kuvuka msimu bila jani bichi. Ukungu wa mikorosho ya Tanzania, ulioripotiwa mwaka 1979, umezoeleka kuzaana bila kujamiiana: unajinakili, na unga wake mweupe unachukuliwa na upepo. Njia hiyo ni ya haraka mno. Korosho za nchi nzima, zilizofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, hazikufika 20,000 msimu wa 1986/87. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa kulichangia, na ubwiriunga ukamalizia.

Lakini usipojamiiana, huna ganda la kujifichia. Jani lililokomaa haliufai ukungu huu, kwa hiyo mavuno yakiisha hujishikiza kwenye machipukizi machanga, hasa maotea yanayochipua kivulini katikati ya mti. Hapo ndipo pa kuukata.

Ingia chini ya mkorosho, shika jani changa, lipitishie kidole gumba. Ukibaki na unga mweupe kidoleni, umeupata. Kata maotea yote ya ndani na matawi yanayogusa ardhi baada ya mavuno, kisha rudia kabla mti haujatoa majani mapya. Toa ulichokata shambani, ukichome. Zungumza na jirani afanye wiki hiyohiyo, maana kusi haijui mpaka wa shamba; mkorosho mmoja uliotelekezwa unatosha kuwarudisha nyuma nyote.

Vikonyo vya maua vikianza kutoka, ndipo salfa: gramu 250 kwa mti, kila siku 14, alfajiri hewa ikiwa imetulia, pua na macho vikiwa vimefunikwa. Salfa hushambulia ukungu sehemu nyingi kwa pamoja, ndiyo maana ni vigumu kuuzoesha. Dawa za maji zinazolenga sehemu moja zibadilishe kila msimu, kwani ukungu mmoja ukishaizoea dawa, nakala zake zote zitakuwa zimeizoea.

Miche na vikonyo vya kubebeshea vinavyovushwa kutoka Nyamisati kuja kisiwani Mafia vikague jani kwa jani kabla ya kupakiwa. Vyenye unga viache hukohuko, kwani huwezi kujua ni upande gani wa kujamiiana unauleta Kilindoni. Na msimu ukielekea mwisho, ukiona nukta nyeusi katikati ya unga mweupe, huenda ni vile vijifuko vya kujamiiana: chuma jani hilo, lifunge kwenye karatasi kavu, si mfuko wa plastiki, umpelekee bwana shamba aliwasilishe kituo cha utafiti cha TARI Naliendele.